Kuhusu Ile Launji ya Doha

Endagikot,
Jumatano jioni, mwezi wa nane.

Paskalina mwanangu,

Umekwenda Tumati na kaka yako Emanueli kumuaga bibi, na najua bibi hatakuachia mapema. Atakushika mkono, atakuuliza tena unakwenda nchi gani, na ukimwambia Ujerumani atataka kujua kama huko mahindi yanaota. Kwa hiyo nina nafasi. Ng'ombe wamekwisha kukamuliwa. Shangazi yako Fabiola yuko jikoni anakukaangia karanga ambazo begi lako halina pa kuziweka. Mimi nimekaa sebuleni na mlango nimeuacha wazi ili nipate mwanga wa nje kabla sijawasha taa.

Mambo ya pasipoti, sweta na chanjo sitayagusa. Shangazi yako ameyasema yote, na mengine ameyarudia mpaka ng'ombe wameyajua. Nataka tu kujibu swali uliloniuliza jana, kwa sababu nililijibu kwa mzaha, na leo nimelibeba kutwa nzima shambani.

Unakumbuka tulivyokuwa. Emanueli alikuwa anakueleza safari, na kwa kuwa anaendesha watalii na kuwapeleka uwanja wa ndege kila wiki, anaeleza kama mtu aliyeruka nao.

"Ukifika Doha unakaa," alisema. "Unakaa mchana kutwa, usiku unaingia, ndipo ndege ya pili inaondoka. Sasa pale kuna launji."

"Launji ndiyo nini?" shangazi yako akauliza, anamenya viazi.

"Chumba cha kungojea ndege, shangazi. Unalipia. Kuna makochi, kuna bafu, chakula unajipakulia mwenyewe."

"Na asiyelipa anangojea wapi?"

"Nje, kwenye viti, pamoja na watu wote."

"Na ndege yao ni moja?"

"Ni hiyo hiyo moja."

Fabiola akaweka kisu chini. "Kwa hiyo mtu analipa ili akae. Ema, mimi nipo kwenye kigoda hiki tangu asubuhi. Kama kukaa ni mali, mbona hamjaja kunikopa?"

Ulicheka mpaka ukafuta macho. Kisha ukasema wewe hutalipia chochote, utakaa na watu wengine, una simu yako na masomo ya Kijerumani, siku itaisha tu. Ndipo ukanigeukia. "Baba, wewe unasemaje?"

Nikasema, "Mimi nakujua kungojea. Launji siijui."

Mkacheka wote, na mimi nikacheka. Lakini nilikuwa nimekutazama usoni uliposema siku itaisha tu. Mama yako alikuwa na uso huo huo akimwambia daktari kwamba maumivu ni kidogo.

Nikuambie ninachokiogopa, kisha nikushukuru, halafu nikujibu. Tangu tumzike mama yako sijakuona umekaa bure. Siku zile za msiba, watu wamejaa kwenye mikeka tangu sebuleni mpaka uani, wewe ulikuwa bombani na masufuria. Ukimaliza ya mchana unaanza ya jioni. Wamama wa jumuiya walikuja kukuvuta mkono ukae nao, ukawaambia unakuja, na hukuja. Mmoja akanifuata kunilalamikia. Mimi nikamjibu, "Mwacheni, huyo ni jasiri kama mama yake." Nilisema kwa sauti ili usikie. Nilidhani nakupa kitu.

Baada ya hapo ukarudi kwenye zamu zako za kituo cha afya, ukachukua na za wenzako. Ukaanza Kijerumani. Ulikuwa unapukuchua mahindi na simu umeiegemeza kwenye debe, inasema neno na wewe unalirudia. Nilikuwa nakusikiliza kutoka zizini na nilishukuru, kwa sababu nyumba ilikuwa na sauti. Lakini nimehesabu moyoni na naona kwamba Doha ndiyo mahali pa kwanza ambapo hapatakuwa na sufuria. Hapatakuwa na zamu wala debe la mahindi. Simu itaisha chaji. Utakaa, na yote uliyokuwa unayakimbia kwa mikono yako yatakukuta umekaa. Kwa hiyo swali la launji kwangu si swali la kochi. Ni swali la utakuwa wapi saa hiyo, na nani atakuwa karibu nawe.

Nyuma ya mlango wa jikoni kuna kibuyu chenye ufa. Ulipokuwa darasa la nne ulitaka kukitupa, mama yako akakuambia ukaniulize mimi kwanza. Hukuniuliza, lakini hukukitupa, na kwa hilo nakushukuru. Sasa nakuambia habari yake.

Nilikuwa sijaanza shule mdogo wangu alipofariki, mtoto wa kunyonya. Wakati ule kwetu sisi Wairaqw desturi ya zamani ilikuwa bado ina nguvu. Nyumba iliyofiwa na mtoto ilikaa peke yake mpaka wazee waseme basi. Hatukwenda kwa watu, na watu hawakuja kwetu. Ng'ombe wetu walinyweshwa mwisho, wa wengine wakishaondoka mtoni. Chombo kilichoingia kwetu hakikurudi kwa mwenyewe. Mimi niliwasikia wenzangu wakicheza ng'ambo ya mfereji na niliona ni adhabu, na sikujua tumekosa nini.

Lakini nakumbuka pia kwamba ndipo nilipomwona mama yangu amelala mchana, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona. Alilala, akaamka, akalia, akalala tena. Hakuna mgeni wa kumpikia chai. Hakuna wa kumwambia anyamaze. Na kila asubuhi jirani yetu, Mama Margwe, alifika mpaka kwenye miti ya mpakani, akaweka kibuyu cha maziwa chini, akaita jina la mama mara moja, akaondoka. Hakuvuka. Mama alikuwa anangoja kidogo, halafu ananituma nikichukue. Kwa kuwa chombo hakirudi, yule mama alikuwa anatoa maziwa na kibuyu chake pia, na nyumba yake haikuwa na vibuyu vya kuchezea. Hicho cha nyuma ya mlango ndicho cha mwisho kilichobaki.

Baadaye katekista alitufundisha kwamba aliyefiwa asitengwe, na watu wakaacha. Nashukuru waliacha, maana walioumia kwa desturi ile walikuwa wengi, hasa wanawake. Siku hizi msiba ukitokea watu wanakujazia nyumba, wanalala sakafuni, wanakulazimisha ule. Mimi nimeonja yote mawili. Nilipokuwa kijana nilidhani moja ni giza na la pili ni mwanga. Sasa nimezeeka na sina hakika hiyo.

Hospitali ndiyo iliyoniondolea hakika. Hayo hukuyaona kwa sababu ulikuwa kwenye mitihani, na mama yako alikataa usiitwe.

Pale hospitali ya rufaa mama yako alilazwa kwanza wodi ya wanawake, pamoja na wengine wengi. Kelele, watoto wa wageni, mtu anakohoa huku, mwingine anasali kule. Mimi na Emanueli tukaona haifai. Tukahangaika mpaka akahamishiwa chumba cha peke yake ghorofa ya juu, chenye pazia safi na televisheni. Nilijisikia mwanaume siku hiyo. Nikavuta kiti nikakaa, nikamwambia, "Mama Ema, si huku ni pazuri?"

Alikuwa ameangalia ukutani. Akasema, "Ni pazuri. Ila nikikohoa hakuna anayeuliza."

Sikuelewa mara moja. Nikamwambia kuna kengele ya kumwita nesi. Akanitazama kwa ule upole wake, kama unavyomtazama mtu anayekuonyesha njia ya kwenda nyumbani kwako mwenyewe. Kesho yake tukamrudisha wodini. Kitanda chake kilikuwa kimechukuliwa, akapewa cha karibu na mlango ambako upepo unapiga. Alipoingizwa na kile kiti cha magurudumu, mama mmoja wa Kondoa aliyekuwa kitanda cha jirani, Mama Halima, ambaye mimi alikuwa ameshanipa jina la vitunguu saumu ninavyolima, alijiinua kwa viwiko.

"Umerudi, mke wa Mzee Vitunguu Saumu? Huko kwa matajiri wamekuchoka?"

"Nimewachoka mimi," mama yako akasema. "Hawana umbea."

Wodi nzima ikacheka, na yeye akacheka mpaka akashika ubavu. Paskalina, kicheko kile ninacho mpaka leo. Mama Halima sijui kama yu hai. Kila nikisali namtaja.

Sasa ungeweza kusema nimeshakujibu: kaa na watu, launji ni upuuzi. Na mimi ningesema hivyo kama isingekuwa habari ya mlinzi.

Mimi nilikuwa nalala kwenye baraza ya nje na ndugu wa wagonjwa wengine. Palikuwa na nyumba ya wageni ng'ambo ya barabara na Emanueli alinibembeleza niende. Nikakataa. Niliona kwenda kulala kitandani wakati mke wangu anaumwa ni kumsaliti. Sikuoga vizuri, sikulala, chakula nakula nimesimama. Ukikua kwetu unafundishwa kwamba mwenye mgonjwa asitafute raha, na mimi nilishika fundisho hilo kama amri ya Mungu. Nikiingia kumwona nakaa kando ya kitanda nasinzia. Yeye anazungumza na mimi naitikia mahali ambapo hapakuulizwa kitu.

Mlinzi wa geti la nyuma alikuwa ananiona kila siku. Mtu mnene, mcheshi, ana redio ndogo kiunoni. Asubuhi moja akanizuia kwa rungu lake.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

"Leo hupiti. Nenda kwenye kibanda changu, kuna maji ya moto na sabuni. Mgonjwa hataki kutembelewa na mgonjwa."

Nilikasirika. Nilitaka kumwambia kwamba ananivunjia heshima. Lakini nilikuwa sina nguvu hata ya kukasirika vizuri, nikaenda. Nikaoga. Nikalala kwenye kitanda chake cha kamba, na aliponiamsha jua lilikuwa limekwenda mbali. Nikakimbia wodini nikijua nimemkosea mke wangu.

Mama yako alinitazama tangu mlangoni. Akasema, "Leo amekuja mume wangu. Huyo wa jana alikuwa nani?"

Mama Halima akajibu kwa niaba yangu. "Huyo wa jana tulikuwa tunamwonea huruma. Huyu afadhali."

Mchana ule tulizungumza kuliko tulivyozungumza mwaka mzima. Nilikuwa macho, na kila neno lake lilinikuta. Alizungumza habari za ndama, za paa la jikoni, za siku aliyokuja kwetu kama bibi harusi na mvua ikamkuta pale daraja la chini. Halafu akazungumza habari zako. Aliniambia, "Paskalina akiwa na huzuni hufanya kazi. Ukimwona anafanya kazi sana usimsifu. Mnyang'anye jembe, mkalishe."

Nilimwambia nimesikia. Na kweli nilisikia. Kisha siku za msiba nikakuona bombani na masufuria, na mdomo wangu ukasema ni jasiri. Maneno ya mama yako niliyakumbuka majuma mengi baadaye, natoa maji ya ng'ombe, na wewe ulikuwa umeshaondoka kwenda zamu. Tangu hapo nimetafuta mahali pa kukunyang'anya jembe na sikupata, kwa sababu umelishika sana, na kwa sababu nilikuwa nafaidika. Nani alinipikia? Nani alinifulia? Nani alizungumza Kijerumani ndani ya nyumba hii usiku wote ambao mimi sikuwa na neno? Kwa hayo yote asante, mwanangu. Sijakuambia kwa sauti, na asubuhi pale stendi watu watakuwa wengi na basi litakuwa linapiga honi. Ipokee hapa.

Sasa nakujibu.

Nenda launji. Leo asubuhi, kabla hamjaondoka kwenda Tumati, nimemwambia Emanueli ailipie kwa simu yake, na nimempa pesa ya vitunguu saumu vya shamba la chini, lile ulilopalilia mwenyewe. Usigombane naye. Amekataa kwanza, akisema ataitoa yeye, nikamwambia hii ni ya baba. Wala usiniambie utanirudishia ukianza kazi. Mimi siwezi kufika Doha na maziwa. Hapo ndipo ninapoweza kufika, mpakani, na nimeweka chini, na nimekuita. Chombo hakirudi.

Ukiingia, kwanza oga. Simaanishi kunawa uso, oga. Kisha kula, kwa kuwa nakujua utasema huna njaa. Kisha tafuta kiti cha pembeni, ujifunike kitenge cha mama yako cha rangi ya ugoro. Nimekiweka juu kabisa kwenye begi la mkononi na barua hii iko ndani yake. Ukisinzia, sinzia. Ukiamka, usishike simu, na Kijerumani kitakungoja. Kaa. Kama mama yako atakuja hapo, na mimi nafikiri atakuja, usimwambie una kazi. Lia kama bibi yako alivyolia, ukiamka na ukilala. Humo ndani hakuna atakayekuambia nyamaza, na hakuna atakayekusifia.

Lakini usibaki humo mpaka ndege iitwe. Hilo ndilo ninalokuomba. Mtu akikaa mno peke yake anaanza kuangalia ukutani. Ukishatulia, nawa uso, kunja kitenge, toka nje kwenye vile viti ambavyo shangazi yako anavitetea. Tafuta mama mwenye watoto au mzee aliyechoka, ukae karibu yake. Msalimie, hata kama hasikii lugha yako, maana salamu inaonekana usoni. Fungua karanga za Fabiola umgawie. Na ukikohoa, mtu atakuuliza.

Hivyo ndivyo ninavyoona mimi, mtu ambaye uwanja wa ndege ameuona kwa nje tu, siku tuliyompokea yule padri. Inawezekana nimekosea na hiyo launji ni vumbi tupu na chai ya baridi. Basi utacheka, na kucheka nako kuna faida. Umenipa miaka mingi ya kushukuru, Paskalina. Uliniokotea ndama mpakani mwa Yaeda Chini wakati wa ukame, wewe na mama yako, mkalala njiani, mkarudi naye mmembeba kwa zamu. Ulikuwa unanisomea injili Jumapili miwani yangu ilipovunjika, na hukuniambia kwamba umechoka. Watoto wa watu wanaondoka na wazazi wanabaki wanajiuliza kama walipendwa. Mimi sina swali hilo.

Nasikia gari huko chini kwenye kona, nadhani ni ninyi. Shangazi yako ameshatoka na tochi kuwalaki, anawagombeza kabla hamjafika. Nakunja karatasi niiweke kwenye kitenge kabla hujaingia, na ukinisalimia nitaitika kama mtu ambaye hakuwa anaandika chochote.

Kesho kutwa, ukiwa umekaa huko bila kufanya kazi yoyote, nitakuwa na mimi nimekaa kwenye benchi la jikoni, upande wangu, na upande wa mama yako nimeuacha wazi. Sitakuwa nakamua, sitakuwa namenya kitu. Nitakuwa nimekaa tu. Nikumbuke hapo.

Baba yako.